Kuosha maiti kunamfaa nini aliyekwisha ondoka?

Swali: "Wiki tatu zilizopita shangazi yangu alifariki, nami niliingia chumbani kusaidia kumwagia maji alipokuwa akioshwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilishangaa kuona anapakwa karafumaiti magotini na kwenye vidole vya miguu, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Kama roho imeshatoka na malaika wameshaichukua, maji, manukato, sanda na swala vinamfaa nini yeye? Au ni kwa ajili yetu tuliobaki? Akina mama wa msikiti wetu wamenitaka nijiunge nao katika kazi ya kuosha, na sitaki kuifanya kama mtu anayefua nguo." (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yako na awape subira. Naanza na roho, kwa sababu ukishaielewa hiyo, magoti na karafumaiti vitajieleza vyenyewe. Nitafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyozoeleka kwetu pwani.

Roho haisubiri maji yetu ndipo iondoke. Al-Baraa bin Azib anasimulia, katika hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad na Abu Daud, kwamba walikwenda na Mtume (s.a.w.) kwenye mazishi ya mtu mmoja wa Ansari. Walipofika, mwanandani, yaani tundu la kumlaza maiti ubavuni mwa kaburi, ulikuwa haujamalizika kuchimbwa. Mtume akakaa, nao wakakaa kumzunguka wametulia kama watu wenye ndege vichwani mwao, mkononi mwake mna kijiti anachochoreachorea ardhi. Hapo ndipo alipowaeleza safari yote. Muumini anapoiaga dunia hushukiwa na malaika wenye nyuso nyeupe kama jua, wamechukua sanda katika sanda za Peponi na hanuti katika hanuti za Peponi, yaani manukato ya kupakia maiti. Malaika wa mauti hukaa kichwani pake, na roho hutoka kwa ulaini kama tone linavyochuruzika kutoka mdomo wa kiriba. Akishaichukua, wale wengine hawaiachi mkononi mwake hata kwa kupepesa jicho. Huitia katika ile sanda na ile hanuti, ikanukia kama miski bora kabisa iliyopatikana juu ya ardhi, kisha hupanda nayo mbingu baada ya mbingu, ikitajwa kwa majina mazuri kuliko yote aliyoitwa nayo duniani. Ikifika mbingu ya saba, Mwenyezi Mungu huamuru kitabu chake kiandikwe katika Illiyyin, daraja ya juu ya watu wema, na yeye arudishwe ardhini, kwa kuwa kutoka humo ameumbwa, na humo atarudishwa, na kutoka humo atatolewa mara nyingine. Roho hurudishwa mwilini, na hapo huja malaika wawili wa kuuliza.

Tazama vizuri, dada. Sanda ni mbili na hanuti ni mbili. Roho inavishwa yake na malaika, na mwili unavishwa wake na nyinyi mle chumbani. Roho inapandishwa na kutajwa kwa jina zuri, na huku chini watu wanaubeba mwili na kumtaja marehemu kwa wema. Mwisho wa safari hizo mbili ni pahali pamoja, kaburini. Waosha wanafanya duniani kazi inayofanana na ile inayofanywa ghaibu, nayo ni kusindikiza. Ukimsindikiza mgeni humwendei safari yake, lakini hatoki nyumbani kwako peke yake, wala hatoki na vumbi mwilini.

Ndiyo maana aliyezama baharini mwili usipatikane hajakwama njiani kwa kukosa maji ya mkunazi. Shahidi wa vita haoshwi kabisa, huzikwa na damu yake. Hanzala bin Abi Amir aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria akiwa na janaba, na Mtume akaeleza kuwa malaika ndio waliomwosha. Kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika ni fardhi ya kutosheleza iliyo juu ya shingo zetu sisi. Wakifanya wachache wengine wamepona, asipofanya mtu mji mzima una dhambi. Hata hivyo msiseme ni kwa ajili yetu tu. Ndani ya taratibu hizo mna mambo yanayomfikia yeye mwenyewe, na kubwa kuliko yote ni dua. Imamu Muslim amepokea kwamba Muislamu akifa na wakasimama kumswalia watu 40 wasiomshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, uombezi wao hukubaliwa. Aidha, janaza ndiyo siku ambayo watu hukumbuka kusamehe na kulipa. Tirmidhi amepokea kuwa nafsi ya muumini imefungika na deni lake mpaka lilipwe. Mrithi anayetangaza mbele ya jeneza kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwake anaifungulia roho kamba, na hilo lina uzito kuliko pilau ya siku tatu.

Sasa magoti. Mtu anaposujudu, viungo saba hugusa ardhi: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na miguu miwili kwa vidole vyake. Ndipo karafumaiti na hanuti huwekwa hapo. Shangazi yako aliviinamisha viungo hivyo mbele ya Mola wake mara tano kwa siku, miaka na miaka, na siku ya kuondoka vikapewa heshima yake kimoja kimoja. Ukipaka goti la maiti, unapaka pahali palipofanya kazi. Karafumaiti ina manufaa mengine pia: inapoza mwili, inaukaza, na harufu yake inafukuza wadudu.

Kuhusu kazi yenyewe, asili yake ni maneno aliyoambiwa mwanamke, nayo yatakutia moyo. Binti yake Mtume alipofariki (katika mapokezi ya Muslim ametajwa Zainab), Ummu Atiyya na wenzake waliambiwa wamwoshe mara tatu, au tano, au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri, ndiyo karafumaiti. Waanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Walizisuka nywele zake misuko mitatu wakazitupa nyuma. Walipomaliza, Mtume akawapa shuka yake ya kiunoni imguse binti yake mwilini kabla ya nguo nyingine. Kila hatua ninayokueleza hapa chini ni kuyafuata hayo.

Mtu akishafariki, kabla ya maji kuna kazi ya dakika chache ambayo ikichelewa haifanyiki tena. Fumbeni macho. Mtume alimfumba Abu Salama akasema kuwa roho inapochukuliwa macho huifuata. Fungeni taya kwa kitambaa kipana kutoka chini ya kidevu, fundo juu ya utosi. Lainisheni viungo: mkono ukunjwe mpaka begani na kunyooshwa, mguu ukunjwe mpaka pajani, paja lisogezwe tumboni, kisha kila kimoja kirudi. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, na waosha wanaomkuta maiti mkono umegandia kifuani mara nyingi wanalipia uzembe wa hapo. Vueni nguo alizofia, mfunikeni shuka nyepesi, wekeni kitu chenye uzito kidogo tumboni lisivimbe, na mlazeni juu ya kitanda, si chini kwenye unyevu.

Chumba cha kuoshea kiwe na watu wanaohitajika tu. Wanne watosha: mwosha mkuu, wa kugeuza, wa kumwaga maji, na wa kupokezana vitu. Kitanda kiwe kimeinuka kidogo upande wa kichwa maji yaelekee miguuni, na chini yake pawe na ufuo, ile mifereji inayochimbwa kupokea maji ya maiti yasitapakae uani. Kwenye nyumba za sakafu, beseni kubwa au njia ya maji ya choo cha kuogea hufanya kazi hiyo. Chetezo chenye udi au ubani kiwashwe tangu mwanzo. Andaeni ndoo tano au sita za lita 20. Maji ya kawaida ni bora, kwa sababu ya moto hulegeza mwili. Ya vuguvugu yatumike palipo na uchafu ulioganda au mwili uliotoka kwenye jokofu la hospitali. Majani makavu ya mkunazi yatwangwe, yapepetwe, na konzi mbili zitiwe katika ndoo moja, kisha maji yapigwe kwa mkono mpaka yatoe povu. Povu ni la kichwa, maji yanayobaki ni ya mwili. Mkunazi ukikosekana, sabuni isiyo na harufu kali inatosha.

Mwili wote muda wote uwe umefunikwa, na kwa mwanamke mbele ya wanawake wenzake sehemu ya kitovu mpaka magoti haifunuliwi kabisa. Tieni nia ya kumwosha maiti huyu. Mwinueni kidogo, mkono wako wa kulia begani pake na dole gumba kwenye kisogo kichwa kisiyumbe, mgongo uegemee goti lako, na mkono wa kushoto upite tumboni kwa ulaini kutoa kilichobaki. Hapa ndipo wanapokosea wengi. Wanakandamiza kama wanaokamua nazi, na kinachotoka hakishi. Kupitisha mkono mara mbili tatu kwatosha. Mlazeni chali, funga kitambaa au vaa glavu mkono wa kushoto, safisha tupu mbili chini ya shuka bila kutazama, kisha kitambaa hicho kitupwe. Chukua kingine, kizungushe kidoleni, pitisha kwenye meno bila kuyafumbua, na safisha matundu ya pua. Usimimine maji kinywani. Hayana pa kutokea, hushuka tumboni na kuharakisha kuharibika.

Mtawadhisheni kama anavyotawadha aliye hai, kichwa kimeinamishwa. Osheni nywele kwa povu la mkunazi, zichaneni kwa kitana cha meno mapana, na zitakazong'oka zihifadhiwe ziingie naye ndani ya sanda, kwani ni sehemu ya amana. Halafu upande wa kulia wa mbele, kutoka shingoni mpaka unyayoni. Kisha wa kushoto. Mgeuzeni alalie ubavu wa kushoto, osheni mgongo upande wa kulia; mgeuzeni alalie wa kulia, osheni wa kushoto. Msimlaze kifudifudi hata mara moja.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata waosha wa miaka mingi hulisahau. Maji yenye mkunazi au sabuni yaliyogeuka rangi na harufu hayahesabiwi kuwa ndiyo josho. Hayo ni ya kuondoa uchafu. Kinachomtoa maiti katika faradhi ni maji safi yanayopita mwili mzima baada ya mkunazi kusuuzwa wote. Kwa hiyo: mkunazi, kusuuza, halafu maji safi mara tatu, ya mwisho yakiwa na karafumaiti. Nayo iwe kidogo, kipande kama punje ya kunde kilichosagwa katika ndoo, kwa sababu ikizidi nayo yatageuka yakawa si maji safi tena. Kama hali haikuruhusu yote hayo, mara moja ya maji safi kwa mwili mzima imetosha.

Kabla hamjaanza, tafuteni vinavyozuia maji: rangi ya kucha, nywele za kubandika, plasta za hospitali, mirija ya sindano, kope za bandia. Hina haina neno, ni rangi tu. Mirija itolewe polepole na pamba ikandamizwe mpaka damu ikome. Kucha hazikatwi wala nywele hazinyolewi. Kikitoka kitu baada ya kuosha, kinaondolewa na pahali pale panasafishwa, si lazima kurudia josho wala udhu. Mwenye hedhi anaruhusiwa kuosha, maana watu huulizana hilo mlangoni mpaka maiti anachelewa. Mume anaweza kumwosha mkewe na mke mumewe. Abu Bakr alioshwa na mkewe Asmaa binti Umais. Palipokosekana mwanamke mwenzake, mume au ndugu maharimu, au mwili umeungua kiasi cha kuachana, maiti hutayamamishwa: vumbi safi usoni na mikononi. Ndivyo pia pale waganga wa afya wanapokataza kuosha, kama ilivyokuwa kwa Ebola huko Kongo na Uganda; na wakikataza hata kugusa, msiguse. Kuwatii si kumvunjia marehemu heshima. Tayamamu ni tohara kamili kwa mwenye udhuru. Na siku za kawaida, glavu na aproni vaeni kila mara.

Simu zibaki nje. Ukiona uso umeng'ara au unatabasamu, sema, ni bishara kwa watoto wake. Ukiona lolote jingine, liingie kaburini pamoja nawe. Al-Hakim amepokea kwamba mwenye kumwosha Muislamu akamsitiri husamehewa mara 40. Wazee walisema mwosha huoshwa. Mtendee unavyotaka mikono ya watu ikutendee siku usiyoweza kusema kitu.

Mkisha mkausha, lainisheni viungo tena, kisha sanda. Mwanamume ni shuka tatu. Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemen, bila kanzu wala kilemba. Mwanamke ni nguo tano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumfunika mwili mzima. Kwa mwanamke wa urefu wa sentimita 160 na bafta (kitambaa cheupe cha sanda) ya upana wa sentimita 150, kila shuka kubwa ni mita 2.2 (urefu wake pamoja na sentimita 30 za kufungia kila upande), kanzu mita 2.6 iliyokunjwa mara mbili na kutobolewa shingo bila kushonwa, mtandio mita 1.2, shuka ya kiunoni mita 1.5. Nunueni mita 10 na nusu, mpate na vitambaa vitano vya kufungia. Bafta nyembamba ya sentimita 90 italazimu kuunganisha pande mbili za zile shuka kubwa, kwa hiyo hesabuni 15. Bafta ya kawaida inatosha. Abu Bakr aliagiza akafiniwe kwa nguo yake iliyochakaa, akisema aliye hai anahitaji zaidi nguo mpya. Gharama hutoka katika mali ya marehemu kabla ya deni, wasia na mirathi; na aliyekuwa na mume, mumewe ndiye anayedaiwa sanda na mahitaji ya mazishi. Semeni hilo mapema kwa upole, maana mabishano ya nani anunue sanda yameshachelewesha majeneza mengi.

Shuka kubwa zitandazwe kwanza, hanuti ikinyunyizwa juu ya kila moja. Pamba yenye hanuti na karafumaiti iwekwe kwenye matundu ya pua na masikio na kwenye zile sehemu saba za kusujudia. Mvisheni shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, kisha kunjeni shuka upande wa kushoto kwanza, wa kulia ukija juu. Fungeni juu ya kichwa, chini ya miguu, na katikati. Mafundo yawe ya kufunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu kaburini yatafunguliwa. Wanazuoni wa Shafii wameeleza kuwa kuyafungua ni kutarajia mema, kwamba kama fundo linavyofunguka ndivyo shida zake zifunguke. Mnapofunga chumbani, fungeni mkijua hivyo. Msiandike aya za Qurani kwenye sanda, zitachafuka mwili ukianza kuoza.

Swala nitaipitia haraka, maana kila chuo kinaifundisha. Takbira nne: Fatiha, kumswalia Mtume, dua ya maiti, dua fupi, kisha salamu. Haina rukuu wala sijda, na hakuna anayedhani tunausujudia mwili. Imamu husimama kwenye kichwa cha mwanamume na kiuno cha mwanamke. Wanawake nao wanaswali. Bibi Aisha aliomba jeneza la Saad bin Abi Waqqas liingizwe msikitini ili amswalie. Kwa hiyo mkimaliza kukafini, mswalieni marehemu wenu hapo hapo kabla jeneza halijatoka, wala msihesabu kuwa mmeipunguzia kitu swala ya wanaume. Jamaa walioko Muscat au London wamswalie ghaibu, kama Mtume, akiwa Madina, alivyomswalia Najashi, mfalme wa Habasha.

Kaburini kazi ni ya wanaume, lakini mwosha afahamu anamkabidhi mtu wake wapi. Kipimo cha ukamilifu ni kimo cha mtu aliyesimama na kuinua mkono, kama mita mbili hivi. Udongo ukiwa mgumu huchimbwa mwanandani kwenye ukuta wa kibla. Mchanga wa pwani huporomoka, ndipo shimo dogo likachimbwa katikati na viunza, yaani vipande vya mbao, vikalazwa juu yake udongo usimwangukie maiti. Maiti hulazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Kwetu kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa kuwa Makka na pwani yetu viko karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Hivyo kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Mkizika ugenini msikariri "kichwa mashariki". Simama ukielekea kibla, upande wa mkono wako wa kulia ndiko kichwa. Akishushwa mwanamke, kaburi hufunikwa nguo juu, na wanaompokea ni maharimu zake. Mafundo hufunguliwa, shavu hugusa udongo, na walio karibu hutupa konzi tatu za udongo wakisoma ile aya ya Sura Taha: humo tumekuumbeni, na humo tutakurudisheni, na kutoka humo tutakutoeni mara nyingine. Ni maneno yale yale yaliyosemwa roho ilipofika mbingu ya saba. Safari mbili zimekutana.

Kuhusu talakini, yaani kumkumbusha maiti majibu ya malaika baada ya kufukia, wanazuoni wengi wa Shafii wameipendekeza kwa aliyebaleghe. Wengine hawaioni kwa sababu hadithi yake ni dhaifu. Waliokuja kumsindikiza wasiigombanie juu ya kaburi lake. Ambalo halina shaka ni lile aliloamrisha Mtume baada ya kuzika, na limepokewa na Abu Daud: muombeeni ndugu yenu msamaha na muombeeni uthabiti, kwani sasa anaulizwa. Amr bin al-As aliusia watu wakae kaburini pake kwa muda wa kuchinja ngamia na kugawa nyama yake, ili apate faraja kwao anapowajibu wajumbe wa Mola wake.

Na hapo ndipo ninyi mliobaki nyumbani mna kazi ambayo wengi huiacha. Jeneza likishatoka, fukieni ufuo, mwageni maji yaliyobaki, osheni kitanda kwa dawa ya kuua vijidudu, chomeni au fukieni vitambaa vilivyotumika, na aliyeosha akoge, ni sunna. Chakula kipikwe na majirani; Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe kwa kuwa wameshughulishwa na msiba, kwa hiyo wafiwa hawakupaswa kuwa jikoni wala mali ya yatima haikupaswa kuwa sufuriani. Kisha mtu mmoja aulize kwa simu: wameshafukia? Wakisema ndiyo, nyamazeni wote, tandikeni mkeka, na kwa muda wa kumchinja ngamia na kugawa nyama yake muombeeni uthabiti kwa jina lake.